Uzi: Ni nini hasa kilichoimaliza iPod touch?

#1 Mpenda_Santuri
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Tarehe 10 Mei 2022 Apple ilitangaza kwamba iPod touch, kifaa chake cha mkononi cha muziki na programu, chenye kioo cha kugusa kama cha iPhone lakini kisichopiga simu za kawaida, haitaendelea kutengenezwa na kwamba zilizobaki zitauzwa hadi ziishe. Siku ile wengi waliandika kwamba simu ndiyo iliyoiua, na tangu hapo kauli hiyo imerudiwa kana kwamba haihitaji ushahidi. Mimi siikubali. Kifaa hiki kilitangazwa tarehe 5 Septemba 2007, wakati iPhone ya kwanza ilikuwa imeshaingia sokoni tangu tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Kilizaliwa simu ikiwa tayari ipo, kikaishi nayo bega kwa bega karibu miaka 15. Kama simu ndiyo iliyokuwa sumu yake, kisingefika hata mwaka wa tatu.

Ninavyoona mimi, kilimalizwa na kutelekezwa. Kizazi cha sita kilitoka Julai 2015, cha saba kikaja Mei 2019, na katikati hapakuwa na kitu. Hata hicho cha saba kilipokuja kilibeba chipu ya A10 Fusion, ambayo iPhone 7 ilikuwa nayo tangu 2016. Inasikitisha kwamba kifaa cha kwanza cha muziki chenye kioo cha kugusa kilifanyiwa hivyo. Naomba maoni, hasa ya wale waliokitumia kwa miaka mingi.

#2 Karani_wa_Zamani
Asante kwa mada nzuri. Naomba nisahihishe jambo moja kabla halijasambaa: hakikuwa cha kwanza chenye kioo cha kugusa. Kampuni ya Archos ya Ufaransa ilikuwa na kifaa cha PMA400 kabla ya 2007, yenye kioo cha kugusa, Wi-Fi, diski ya GB 30 na mfumo wa Linux. Tofauti ilikuwa katika aina ya kioo. Vile vya zamani vilikuwa na utando laini wa plastiki uliohitaji kubonyezwa hadi tabaka mbili zigusane, ndiyo maana vilikuja na kalamu yake ndogo. Kioo cha iPod touch kilikuwa kigumu, kilihisi mabadiliko ya umeme juu ya kioo yanayoletwa na kidole, na kilitambua zaidi ya kidole kimoja kwa wakati mmoja. Aliyezoea kusukuma kalamu juu ya plastiki, alipoweka vidole viwili juu ya picha na kuitanua, alielewa mara moja kwamba hicho ni kitu kingine.

#3 Mpenda_Santuri
Nimepokea masahihisho, ndugu Karani. Nilipaswa kuandika kwamba kilikuwa cha kwanza kuwafanya watu wengi waiache kalamu.

#4 Binti_wa_Kaseti
Nilikuwa na ya kizazi cha kwanza, ile ya GB 8 iliyotangazwa kwa dola 299, na nataka kuieleza ilivyokuwa kwa sababu wengi wanaoizungumzia leo wanakumbuka zile za rangirangi zilizokuja baadaye. Mgongo wake ulikuwa wa chuma cha pua kilichosuguliwa hadi kikawa kama kioo cha kujitazamia, isipokuwa pembe moja ya juu iliyokuwa na kipande cha plastiki nyeusi ili mawimbi ya Wi-Fi yapite. Ukiiweka mezani mara moja tu, ilikwisha kupata michirizi. Haikuwa na spika, haikuwa na kamera, haikuwa na Bluetooth, na haikuwa na vitufe vya sauti pembeni. Kupunguza sauti ikiwa imefungwa kulikutaka ubonyeze kitufe cha chini mara mbili, ndipo vidhibiti vya muziki vitokee juu ya kioo. Nilifanya hivyo mara nyingi hata kidole kikajua njia bila macho.

Lililoniumiza lilikuwa kalenda. Ilikuwepo, lakini katika miezi ya mwanzo hukuweza kuongeza tukio ukiwa na kifaa mkononi. Ulilisoma tu lile uliloliandika kwenye kompyuta. Kisha Januari 2008 ikaja barua pepe, ramani, hali ya hewa, hisa na daftari la maandishi, kwa dola 19.99. Mfumo wa 2.0 wa Julai 2008, uliotuletea App Store, duka la programu la Apple, ukawa dola 9.95. Mfumo wa 3.0 wa mwaka 2009, dola 9.95 tena. Jumlisheni wenyewe, ni dola 39.89, huku wenye iPhone wakipewa yote bure. Kwa hiyo, Mkuu Mpenda_Santuri, ukisema kilitelekezwa kuanzia 2015, mimi nasema tulichukuliwa kama watoto wa kambo tangu mwaka wa kwanza.

#5 Mhasibu_Mstaafu
Dada Binti_wa_Kaseti, machungu yako nayaelewa, lakini sababu ya malipo hayo ilikuwa katika vitabu vya hesabu. Mapato ya iPhone yaliandikwa kidogokidogo kwa muda wa miezi 24, kwa hiyo kampuni ilihesabiwa kuwa bado inatoa huduma na iliweza kuongeza vitu bila malipo. Mapato ya iPod touch yaliandikwa yote siku ya mauzo. Ukishaandika kwamba umemaliza kuuza kitu, kisha ukaongeza kazi mpya bure, mkaguzi atakuuliza kwa nini uliandika mapato yote mapema. Hayo ndiyo maelezo yaliyotolewa na Apple yenyewe. Kanuni za uhasibu za Marekani zilibadilishwa mwaka 2009, na mfumo wa 2010, uliopewa jina la iOS 4, ukawa bure kwa wote.

#6 Binti_wa_Kaseti
Asante, mzee wangu, nimeelimika. Hata hivyo iOS 4 hiyo ya bure haikuifikia ya kwangu, kwa sababu kizazi cha kwanza kiliishia 3.1.3. Tulilipa wakati wa kulipiwa, na ilipofika zamu ya bure tukawa tumeshaachwa kituoni.

#7 Mtunga_Programu
Naongeza kitu ambacho vijana hawakijui. Kabla ya App Store kufunguliwa, watu walikuwa tayari wanaweka programu kwenye kifaa hiki. Mwishoni mwa 2007 kulikuwa na udhaifu katika namna kivinjari kilivyosoma picha za aina ya TIFF. Ulifungua ukurasa mmoja tu, kifaa kikafunguka kufuli, na chombo kilichofanya kazi hiyo kikaziba udhaifu huo nyuma yake ili mwingine asiutumie vibaya. Nilijifunzia kazi yangu hapo. Baadaye, kwa miaka mingi, iPod touch ndiyo iliyokuwa njia ya bei nafuu ya kujaribia programu kwenye kifaa halisi bila kununua simu wala kuingia mkataba. Nina hakika sehemu kubwa ya programu za mwanzo zilijaribiwa hivyo, kwa sababu sisi tuliokuwa tunaanza hatukuwa na fedha za simu.

Kuhusu swali la mada, kwangu jibu ni muziki wa kutiririshwa. Apple Music ilianza tarehe 30 Juni 2015, na kizazi cha sita cha iPod touch kikatoka tarehe 15 Julai, wiki mbili baadaye. Kifaa kile kilikuwa na nafasi ya hadi GB 128 kwa ajili ya nyimbo ambazo watu walikuwa wanaacha kuzihifadhi. Ukitegemea mtandao kusikiliza muziki, unahitaji kifaa chenye mtandao kila mahali, na hiki kilikuwa na Wi-Fi peke yake. Ukitoka nje ya jengo, kimekatika.

#8 Sikio_Makini
Hapo sikubaliani nawe, Mkuu #7. Huduma hizo huruhusu kupakua nyimbo na kuzisikiliza bila mtandao, na ndivyo nilivyoitumia ya kizazi cha sita hadi mwisho. Tena kizazi cha saba kilibaki na tundu la hedifoni, miaka mitatu baada ya iPhone 7 kuliondoa. Kwa mtu mwenye hedifoni nzuri za waya, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kukinunua.

#9 Mtunga_Programu
Ni kweli zinaruhusu. Lakini ni wangapi wanaokumbuka kupakua kabla ya kutoka nyumbani?

#10 Mwana_Mchezo
Mnajadili muziki tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mnapokosea. Sisi wengine hatukuinunua kwa nyimbo. Kizazi cha pili, cha Septemba 2008, kilikuwa na kichakataji kilichokwenda kwa kasi ya MHz 533, wakati iPhone 3G ya mwaka huohuo ilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo michezo ilikwenda vizuri zaidi kwenye kifaa kilichokuwa rahisi zaidi. Ulishika pande mbili, ukakigeuza kama usukani, na gari likakata kona. Kampuni yenyewe iliuona mwelekeo huo ikaanza kukitangaza kama kifaa cha michezo, na mwaka 2010 Steve Jobs alidai jukwaani kwamba kinauzwa kuliko vifaa vya michezo vya mkononi vya Nintendo na Sony vikijumlishwa pamoja.

Kwa hiyo swali la muuaji lina majibu tofauti kwa watu tofauti. Mchezaji alikihama kifaa hiki simu za kawaida zilipopata vioo vikubwa na chipu bora. Kifaa chetu kilikuwa na kioo cha inchi 4 mwaka 2012, na mwaka 2019 kilikuwa na kioo kilekile cha inchi 4.

#11 Karani_wa_Zamani
Dai hilo la 2010 tulichukue kwa uangalifu, ndugu Mwana_Mchezo. Aliyenunua kifaa cha Nintendo alikinunua ili acheze, lakini si kila aliyenunua iPod touch alicheza, na jumla ya mauzo haiwezi kututenganishia watu hao.

Ningependa pia kurudi kwa mleta mada na takwimu. Mwaka wa fedha wa 2008 Apple iliuza iPod za aina zote milioni 54.8. Mwaka wa fedha wa 2014 iliuza milioni 14.4. Anguko hilo lote lilitokea kabla ya kile kipindi cha 2015 hadi 2019 unachokiita cha kutelekezwa. Mgonjwa alikuwa amekwisha kulala kitandani wakati daktari alipoacha kumtembelea.

#12 Mpenda_Santuri
Hoja hiyo ni nzito na sitaikimbia. Lakini takwimu hizo zinachanganya iPod za aina nyingine, yaani nano, shuffle na classic, na classic yenyewe iliondolewa Septemba 2014. Katika miaka ya 2011 na 2012 kampuni ilieleza kwamba zaidi ya nusu ya iPod zilizouzwa zilikuwa touch. Nyaraka za kesi yake dhidi ya Samsung zilizowekwa wazi mwaka 2012 zilionyesha takriban iPod touch milioni 46 zilizouzwa Marekani peke yake tangu 2007. Kwa hiyo ndugu zake walianguka mapema, yenyewe ikabaki imesimama. Tungejua ilianguka lini hasa kama kampuni isingeacha kuchapisha idadi ya iPod kuanzia mwaka wa fedha wa 2015.

#13 Mhasibu_Mstaafu
Kampuni ikiacha kutaja kitu kwa idadi na kukichanganya katika fungu la bidhaa nyinginezo, mara nyingi kitu hicho kimeshapungua uzito katika mapato. Hilo linampa nguvu ndugu Karani kuliko wewe.

#14 Mlezi_wa_Kaka
Nimesoma yote kimya kimya. Nina jambo ambalo halijaguswa. Kaka yangu haoni kabisa. Mwaka 2009 VoiceOver, ile sauti inayosoma kilichopo kwenye kioo, iliingia katika iPhone 3GS, na vuli ya mwaka huo ikaingia katika iPod touch ya kizazi cha tatu. Kioo kitupu kisicho na vitufe tulikidhania kuwa ni mlango uliofungiwa mtu asiyeona, kwa kuwa simu za zamani angalau zilikuwa na kinundu juu ya namba 5. Ikawa kinyume. Alipitisha kidole kimoja, kifaa kikamtajia kila kilichokuwa chini ya kidole, na alipolipata alilolitaka akagonga mara mbili mahali popote. Siku ya kwanza alikaa nacho mapajani tangu asubuhi hadi chaji ikaisha, na mara ya kwanza kabisa alichagua wimbo mwenyewe bila kuniita.

Tahadhari kwa wakusanyaji wa vifaa vya zamani: uwezo huo ulikuwa katika zile za GB 32 na GB 64 tu. Ile ya GB 8 iliyouzwa mwaka huohuo ilikuwa ya kizazi cha pili kwa ndani, na haikuwa nao. Watu walinunua ya bei ya chini wakidhani ni ileile, wakakosa kitu pekee walichokuwa wanakihitaji.

#15 Binti_wa_Kaseti
Asante sana kwa hili, ndugu yangu. Miaka yote nimelalamika juu ya kalenda, na sikuwahi kuwaza kwamba kifaa hicho kingeweza kuwa na maana hiyo katika nyumba ya mtu mwingine.

#16 Fundi_Bisibisi
Mimi nimefungua vifaa hivi vingi, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono. Wembamba ndio uliokuwa fahari yake na ndio uliokuwa mzigo wake. Ya kwanza ilikuwa na unene wa milimita 8, ya kizazi cha nne milimita 7.2, na ya kizazi cha tano milimita 6.1 na uzito wa gramu 88. Mwaka 2010 ilipopewa kamera ya nyuma, picha zake zilikuwa za nukta 960 kwa 720, yaani hazifiki hata megapikseli moja, wakati iPhone 4 iliyokuwa na unene wa milimita 9.3 ilipiga picha za megapikseli 5. Kumbukumbu ya muda nayo ilikuwa nusu ya ile ya simu, MB 256 dhidi ya MB 512, na ndiyo maana wenye kizazi cha nne walianza kuona programu zinajifunga zenyewe mapema.

Kubwa zaidi ni betri. Katika kizazi cha tano betri imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Ili kuitoa unapasha kioo joto hadi gundi ilegee, unainua, unatoa bodi, kisha unafumua nyaya ndogo ambazo kosa la kupumua tu linaweza kuziunganisha. Fundi mmoja niliyejifunza kwake alikuwa anakataa kazi hiyo kabisa. Betri ya lithiamu huchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa kila siku, na mwenye nayo akiambiwa gharama ya kuibadilisha, anaiweka kabatini. Kwa hiyo kwangu maelezo ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia: vifaa vilivyokuwapo vilikufa kwa betri, na mwenye kifaa kilichokufa hakukuta kipya cha maana dukani, basi akabaki na simu yake.

#17 Mpenda_Santuri
Fundi, sehemu ya mwisho ya maelezo yako ndiyo hoja yangu ya kwanza.

#18 Mama_Pacha
Naona wanaume mnatafuta muuaji mmoja. Nyumbani kwangu iPod touch ilikuwa ya watoto. Huduma ya ujumbe ya iMessage ilipokuja na iOS 5 mwaka 2011 waliweza kuniandikia bila laini ya simu, na FaceTime, ile ya kupigiana simu za video, ilikuwepo tangu 2010. Sikutaka wawe na namba inayoweza kupigiwa na mtu yeyote, nikawapa hicho. Lakini mdogo wao hakukihitaji, kwa sababu ilipofika zamu yake nyumbani kulikuwa na simu ya zamani ya baba yake isiyo na laini, na ilifanya yaleyale kwenye kioo kikubwa zaidi. Hebu fikirieni ni nyumba ngapi zilikuwa na simu ya namna hiyo kwenye droo kufikia 2016.

#19 Karani_wa_Zamani
Mama Pacha ametupa jibu ambalo sikulifikiria. Lina mantiki ya wakati pia: simu za kuachiana zilihitaji miaka kadhaa ya kulundikana kabla hazijajaa droo, na hilo lingeeleza kwa nini kifaa kiliishi vizuri na simu mwanzoni kisha kikashindwa baadaye. Ila ninalo pingamizi. Familia hizohizo zilikuwa pia zinanunua iPad mini kuanzia mwishoni mwa 2012, na mtoto aliyepewa kioo cha inchi 7.9 hakuomba cha inchi 4. Sijui tutawezaje kutenganisha athari ya droo na athari ya kishikwambi.

#20 Sikio_Makini
Zune HD, kifaa cha muziki cha Microsoft, ilitoka Septemba 2009 ikiwa na kioo cha OLED kilichokuwa kizuri kuliko cha iPod touch, na vifaa vya Zune viliachwa mwaka 2011. Haikuwa na mkusanyiko wa programu wa kutosha. Nasema hivi kwa sababu iPod touch iliwazidi wenzake kwa programu, si kwa sauti wala kioo, na programu hizo zilikuwa za simu. Ilikuwa inaazima uhai wake kwa iPhone tangu mwanzo.

#21 Mtunga_Programu
Mwanzoni ukopeshaji ulikwenda pande zote mbili, Mkuu. App Store ilipofunguliwa Julai 2008 na programu 500 hivi, wenye iPhone hawakuwa wengi kama leo, na kila mwenye iPod touch alikuwa mteja wa ziada. Mtunzi aliyeamua kama aandike programu au asiandike aliwahesabu wote.

#22 Mgeni_wa_Jana
Samahani kwa kuingilia. Mjadala huu umenifanya nitoe ya kizazi cha nne iliyokaa ndani ya sanduku tangu nilipohama. Nimeichomeka, haionyeshi kitu. Je, imekufa?

#23 Fundi_Bisibisi
Kwanza itazame kwa ubavu. Kama kioo kimeinuka au kuna mwanya ambao haukuwepo, usiichaji na usiibonyeze, betri imevimba. Kama iko sawa, safisha tundu la chaji kwa mswaki mkavu, tumia waya mzuri wa zile pini 30, kisha iache kwenye chaji angalau nusu saa bila kuigusa. Betri iliyokauka kabisa huchukua muda kabla haijaweza kuwasha kioo. Na ikiwaka, usiirudishe sandukuni ikiwa tupu. Iweke na chaji ya nusu.

#24 Mgeni_wa_Jana
Asante sana, Fundi. Kioo hakijainuka. Nembo imetokea baada ya dakika kama arobaini, na mfumo ni 6.1.6. Programu nyingi zinafunguka kisha zinakaa tu zikisubiri seva ambazo nadhani hazipo tena, na kivinjari kinakataa karibu kila tovuti. Picha zipo, zile ndogo za 960 kwa 720 alizozitaja Fundi. Nyimbo nazo zipo zote, kwa mpangilio niliouacha, na ule niliokuwa nausikiliza mara ya mwisho ulikuwa umesimama katikati. Nimeubonyeza ukaendelea.